Ingekuwa Asubuhi Tena

Nimekaa kuandika haya kwa sababu magoti yamekataa kazi nyingine zote. Asubuhi mama watoto huniwekea kiti nje ya nyumba yetu hapa Bendera, nami huitazama milima ya Upare ikiwa palepale ilipokuwa miaka yote niliyoipanda. Najua bomba lipi linapita wapi huko juu, na najua pia kwamba halinihusu tena. Sikioni nimevaa kifaa nilichopewa hospitali. Kinasikia kuku vizuri sana. Watu kinawasikia kwa kuchagua.

Siku mliponiaga, vijana wa idara ya maji, mlikata keki mkasema niwaachie siri za kazi. Sina siri. Nina uchovu, ambao haurithishwi, na nina swali moja nililorithi mwenyewe na ambalo nusura lifie mikononi mwangu. Habari za vyeo nazipita. Vilikuja vyenyewe, na sikumbuki hata kimoja kilichonisaidia kuunganisha bomba. Naanza na siku ya kwanza, kwa kuwa ndiyo siku pekee kazini ambayo mtu anajua kwa hakika kwamba hajui.

Mimi si Mpare. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, akaoa mwanamke aliyeletwa na mkonge huohuo kutoka Singida, nami nikazaliwa kwenye kambi ya shamba huku tambarare, ambako kila nyumba ilikuwa na lugha yake na ugomvi wote ulikuwa wa Kiswahili. Maji ya kambini yalitoka kwenye bomba moja lililozungukwa na ndoo. Unafungua koki yote, unasubiri, na maji yanakuja kwa aibu. Nilipomaliza chuo na kupangiwa kazi ya ufundi wa maji Same, hayo ndiyo maji niliyoyajua.

Walinikabidhi kwa Mzee Mmbaga. Alikuwa mtu mfupi wa milimani, mwenye sweta la kijivu ambalo hakulivua hata mjini Same jua likiwa la kukausha mate mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alitazama chini, si usoni. "Viatu hivyo ni vipya?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Twende."

Gari lilitufikisha barabara ilipoishia, kisha tukapanda kwa miguu hadi kwenye chanzo, pembeni mwa msitu. Bomba la mserereko halina mashine. Maji yanaanguka yenyewe kutoka juu kwenda kwa watu, na kadiri mlima unavyosimama ndivyo yanavyokuja kwa hasira. Hilo hawakunifundisha kambini. Mzee Mmbaga alisafisha chujio, akanituma chini kidogo nifungue koki kubwa. Vidole vya miguu vilikuwa vinawaka moto. Nikaifungua yote kwa mara moja, nikakaa chini nivue kiatu. Nilisikia kishindo kikishuka ndani ya bomba, kikaenda, kikaenda, halafu huko chini, katikati ya migomba ya mtu, bomba likapasuka.

Tulishinda tukiliunganisha, mwenye migomba akitusimamia. Mzee hakunigombeza, na ningeona afadhali kama angenigombeza. Tulipoanza kushuka aliniweka nyuma yake kwenye kijia, akaenda kidogo, akasema bila kugeuka:

"Sasa niulize."

"Nikuulize nini, mzee?"

"Niulize, ingekuwa asubuhi tena, ungeanzia wapi?"

Nilidhani ananikejeli. Nikauliza. Naye akajibu taratibu, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake.

"Ningeanzia kwenye viatu vyako. Mtu aliyebanwa na kiatu anafungua koki haraka ili apate kukaa. Niliviona palepale ofisini, nikanyamaza. Haya, na wewe?"

"Ningefungua koki polepole, mzee."

"Hilo bomba limeshakwambia. La kwako ni lipi?"

Sikuwa na la kwangu. Akasema nilitafute, asubuhi si mbali.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na sijaukuta kwa fundi mwingine. Kila kazi ikiisha, iwe imefanikiwa au imeharibika, mkiwa njiani kushuka, mdogo anamuuliza mkubwa kwanza. Mkubwa lazima ajibu, tena ajibu ukweli, ndipo naye apate haki ya kumuuliza mdogo. "Ukianza na mdogo," aliniambia, "atakutungia uongo mzuri. Lakini akishakuona wewe mkubwa umejivua nguo, ataona haya kubaki na koti." Na ilikuwa lazima iwe njiani. Ofisini kuna viti, na mtu akishapata kiti anaanza kujitetea.

Chombo chake kikuu kilikuwa nondo. Ilimfika kifuani, laini kwa kushikwa, na kichwani mwa nondo hiyo alikuwa amepachika kipande cha mti alichokichonga hadi kikakaa sawasawa na sikio. Ncha unaigusisha kwenye bomba, sikio unaliweka kwenye mti, macho unafumba. Mabomba ya zamani ya chuma yanapovuja chini ya ardhi, sauti husafiri ndani ya chuma na kukujia. Miezi ya kwanza sikusikia kitu isipokuwa moyo wangu. Baadaye nilianza kutenganisha. Hewa iliyonaswa hugugumia. Mtu akifungua maji nyumbani kwake, bomba huvuma kwa upole. Maji yanayovuja huchachatika kama mafuta ya kukaangia yanapoanza kupata moto. Kabla Mzee hajaniamini nilikosea sana, na kila kosa lilikuwa na njia yake ya kushukia na swali lake.

Nilijifunza na Kichasu, lugha ya Wapare, si kwa kupenda. Watu wa milimani walizungumza nami Kiswahili kizuri, kisha wakageukiana na kuzungumza Kichasu kuhusu mimi. Nilipoanza kuelewa niligundua kwamba mengi waliyoyasema yalikuwa kweli, na hilo lilinifanya nijifunze kwa bidii zaidi.

Kwa mnaokuja kutoka mbali, jueni kwamba kule juu kazi ya wote inaitwa msaragambo. Pembe inalia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, wanakwenda kuchimba mtaro au kuzibua mfereji, na asiyetokea ataulizwa. Serikali inaleta bomba na fundi. Mikono ni yao. Kwa hiyo fundi akisema "chimbeni hapa", hasemi na vibarua. Anasema na mama aliyeacha mtoto ndani, na mzee aliyeacha tangawizi yake shambani. Mzee Mmbaga aliliogopa neno "hapa" kuliko alivyowaogopa nyoka. Angesikiliza, asogee, asikilize tena, arudi alikotoka, mpaka watu waanze kukohoa.

Lakini hawakuwa wakikohoa sikio likiwa kwenye nondo. Hapo walinyamaza wote, na hakuna aliyewaambia. Majembe yalishushwa, mtoto alipewa ziwa, mwenye mbuzi alimshika mdomo. Mzee alipostaafu na nondo ikawa yangu, ukimya huo nao ukawa wangu. Waliniita Sikio. "Sikio amefika," wangesema, nami nikijifanya sijasikia.

Alipokuwa akinikabidhi nondo aliniambia neno moja tu, nisiipake rangi. Nilisubiri maneno mengine, hayakuja. Alifariki baada ya masika mawili, na mazishini kwake nilisimama nyuma kabisa nikilia kama mtoto, maana nilikuwa nimebaki bila mtu wa kumuuliza.

Miaka ya katikati naomba nisiieleze sana, inafanana. Kupanda, kuchimba, kuunganisha, kushuka. Huku tambarare tulipambana na tembo, ambao kiangazi hulifukua bomba kwa kulinusa tu na hawahitaji nondo wala cheti. Semina nazo zilikuwepo. Tulifundishwa mabomba ya plastiki, tukafundishwa kompyuta, tukafundishwa kutathmini utendaji wetu kwa kubandika vikaratasi vya rangi ukutani. Nilijifunza kila kilicholetwa, kwa kuwa mwenye kukataa kujifunza kazi hii huaibishwa na maji mbele za watu. Ila nikiri, nilichokijua vizuri kuliko vyote kutoka semina ni kutikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ujuzi huo ulikuja kunifaa baadaye, kwa bahati mbaya.

Ndege ndio walioondoka kwanza. Nilipanda siku moja hadi chanzoni nikaona msitu umetulia, nikadhani kuna chui. Hapakuwa na chui. Halafu ikaondoka milio ya simu, halafu sauti za watoto wadogo, halafu za wanawake wanaoongea kwa adabu. Mama watoto ndiye aliyesema mapema. "Redio yako inasikika mpaka kwa jirani, na wewe bado unaisogelea." Nikamwambia betri zimechoka. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia huo msemo ni wa wagonjwa.

Nilikuwa naogopa, na naliandika wazi. Jina langu lilikuwa Sikio. Mtu akiitwa hivyo kijiji kizima, halafu sikio liende zake, anabaki anaitwa nani?

Basi nikaanza ufundi mpya, ufundi wa kuficha. Niliweka nondo kwenye bomba, nikafumba macho kama zamani, huku jicho moja nikilifumbua kidogo kutafuta majani mabichi mahali pakavu, udongo uliotitia, vyura mahali pasipo pa vyura. Niligawa bomba vipande kwa koki, nikafunga hiki na kuacha kile, nikaangalia tenki linashuka lini. Njia hizo ni nzuri, nawashauri mzitumie. Nilizijua kwa kina katika umri ambao wenzangu walikuwa wameshaacha kujifunza. Kwa hiyo msidhani kujifunza siku zote ni jambo la heshima. Mimi nilijifunza mengi kwa ajili ya uongo mmoja.

Na njiani nilitembea mbele. Mtu aliye mbele hatazamwi usoni, na akiwa anakwenda haraka hakuna anayetarajia mazungumzo.

Wakati huo ndipo aliponijia Neema. Wengi wenu mnamjua, sasa ndiye anayeongoza mafundi wa milimani. Ni binti wa Ngujini, huko Ugweno, kaskazini mwa Upare, ambako wanasema Kigweno, kwa hiyo Kichasu cha kusini kilimpiga chenga kama kilivyonipiga mimi. Alikuja na stashahada, mikono isiyoogopa tope, na sauti ya chini ya watu waliolelewa kutopayuka mbele ya wakubwa. Siku ya kwanza nilimweleza utaratibu wa Mzee Mmbaga neno kwa neno. Mdogo anamuuliza mkubwa kwanza, njiani, kila kazi ikiisha.

"Sawa, mzee," alisema. Hilo nililisikia, tulikuwa ofisini tukitazamana.

Tukapanda, tukafanya kazi, tukashuka mimi nikiwa mbele, wala sikuulizwa. Mara ya pili vilevile. Nikasema ni mgeni, ataanza. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Nilikuwa na uchungu, na chini ya uchungu kulikuwa na nafuu, kwa sababu asiyeulizwa hajibu. Siku moja kwenye kikao cha wafanyakazi mkuu wetu aliniomba nimwelezee maendeleo yake. Nikasema mbele ya wote, "Mikono anayo. Ila haulizi. Vijana wa siku hizi wanadhani chuo kimemaliza." Neema aliinamisha kichwa akawa anatazama sakafu. Nikaona nimemgusa penyewe.

Ndipo kikaja kiangazi cha mwisho kabla ya kustaafu kwangu. Kijiji sitakitaja, wenyewe watajijua. Maji yalikatika kwenye tawi linalokwenda zahanati na shule. Zahanati ile ina wodi ya wazazi, na wanawake walikuwa wanashuka bondeni alfajiri kuteka maji ya kuwaogeshea wenzao waliojifungua. Nikafunga koki kwa zamu, nikapata kipande kinachovuja. Kilikuwa kirefu, bomba la chuma la zamani, na kilipita chini ya mteremko wa mawe matupu. Hapakuwa na jani wala udongo uliotitia. Maji yaliyovuja yalipotelea kati ya mawe yasionekane tena. Pale palihitaji sikio tu.

Msaragambo uliitwa Jumapili, maana Jumamosi kule ni Sabato. Nikaweka nondo, watu wakanyamaza, nikafumba macho. Kisha nikasimama nikasema, "Hapa." Walichimba mawe kwa mitalimbo kutwa nzima. Bomba lilipoonekana lilikuwa kavu, limelala bila ufa. Nikawaambia sauti ilitudanganya, mawe yana mwangwi. Walinikubalia, na kukubaliwa kule kuliniuma kuliko matusi.

Tulishuka, mimi mbele, haraka kuliko siku zote. Kama kuna siku sikutaka kuulizwa ni siku ile, na nilivyojua mimi, sikuulizwa.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mchome, alinivuta pembeni kabla pembe haijalia. Alikuwa na desturi ya kusema na mtu uso kwa uso, kwa hiyo yeye niliweza kumsoma midomo.

"Fundi, leo wamekuja kwa sababu yako. Wakichimba bure tena, hawatarudi. Sitaweza kuwaita, na wale akina mama pale zahanati wataendelea kuteseka mpaka vuli. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, Mwenyekiti."

Walikuwa wamejipanga kwenye mteremko na mitalimbo yao, wengine mikono ikiwa bado imefungwa vitambaa kwa malengelenge ya wiki iliyopita. Niligusisha nondo kwenye bomba pale tulipolifukua. Mwenyekiti akainua mkono. Nikaona mitalimbo ikishushwa, nikaona bibi mmoja akimziba mjukuu mdomo kwa upole, nikaona mtu akimkanya mbwa. Wote walikuwa wananitengenezea ukimya, na mimi ukimya ule nilikuwa naishi ndani yake siku zote. Sikuweza hata kujua umeanza lini.

Nilifumba macho. Nilijua kwamba nikisema "hapa" mahali popote, watachimba. Hilo ndilo lililonitisha. Nikamkumbuka Mzee Mmbaga, si maneno yake, ila sweta lake likienda mbele yangu kwenye kijia. Nikafumbua macho.

"Sisikii," nikasema.

Mwenyekiti akasogea. "Husikii maji?"

"Sisikii, Mwenyekiti. Maji, watu, ndege. Ni muda sasa. Hata wewe nakusoma midomo. Wiki iliyopita sikusikia kitu, nikawachimbisha kwa kubahatisha. Nisameheni."

Mwanamke mmoja nyuma akasema jambo, na watu wakaangua kicheko. Nikamgeukia Neema. "Amesemaje?"

Neema akaja mbele yangu akasema polepole, "Anasema hata mumewe hasikii, ila hajawahi kuchimbisha kijiji."

Nikacheka na mimi. Ilikuwa afadhali kucheka. Nilijisikia nimechoka uchovu wa miaka yote kwa mara moja. Kisha nikafanya nililotakiwa kulifanya misimu miwili nyuma. Nikampa Neema nondo.

"Mzee, mimi sijawahi kuishika mbele za watu."

"Ndiyo maana. Fumba macho. Ukisikia moyo wako, subiri mpaka uchoke kuusikia."

Alisikiliza. Wakanyamaza kwa ajili yake kama walivyonyamaza kwa ajili yangu, na wivu ulinichoma, siwafichi. Kutoka pale hadi koki ya chini bomba limepita chini ya mawe, kwa hiyo ilibidi achokonoe kwa mtalimbo mahali baada ya mahali mpaka nondo iguse chuma. Alisogea, akarudi, akasogea. Jua lilipanda. Watu wakaanza kukaa chini. Hatimaye akasimama karibu na mwamba mmoja mweusi, mbali kabisa na nilipochimbisha mimi.

"Una hakika?" mwenyekiti akamuuliza.

"Sina hakika. Ila hapa panachachatika kuliko kwingine."

Hilo neno kuchachatika nilikuwa nimempa mimi, siku za mwanzo, tukiwa ofisini. Wakachimba. Walipolifikia bomba, juu lilikuwa kavu, na niliona watu wakitazamana. Halafu mmoja akaingiza mkono chini yake, akautoa unadondosha maji. Kiungo kilikuwa kimepasuka upande wa chini. Hakuna aliyepiga vigelegele, walikuwa wamechoka mno. Mwenyekiti alikaa juu ya jiwe akavua kofia.

Tulifunga kiungo kipya, tukafungua koki polepole, tukasubiri mpaka kijana wa zahanati akaja mbio kusema maji yamefika. Bibi yule mwenye mjukuu alitupatia makande kwenye sahani moja, tukala kwa mikono yenye grisi. Kisha tukaanza kushuka kwenda barabarani, kuwahi gari la mwisho la abiria linaloteremka Same. Likikupita hilo, unalala mlimani au unashuka kwa miguu gizani.

Nilikuwa mbele, kwa mazoea. Neema alikuwa nyuma amebeba nondo. Tulipofika barabarani, penye jiwe ambalo watu hukaa kusubiri gari, niligeuka kumwambia apumzike. Nikakuta midomo yake inacheza.

"Unasema nami?" nikauliza.

Akaishusha nondo. Kisha akaja mbele yangu kama alivyofanya kule juu, akasema taratibu nipate kumwona.

"Nilikuwa nakuuliza, mzee. Kama ulivyoniagiza."

"Umeuliza leo?"

"Leo, na siku zote. Kila tukishuka. Tangu siku ya kwanza."

Nilikaa kwenye jiwe.

"Nilidhani unakataa kunijibu," akasema. "Nikasema labda sijafikia kiwango cha kujibiwa. Siku ile kikaoni uliposema siulizi, nikawaza kwamba unanipima, uone kama nitakata tamaa. Nikaendelea kuuliza."

"Na ulipokuwa hujibiwi?"

"Nikawa najijibu mwenyewe. Kwanza nakaa kimya kidogo, nakupa nafasi wewe. Halafu najibu langu."

Nimezika wazazi wote wawili, na nimemzika Mzee Mmbaga, lakini hakuna kaburi lililoniuma namna ile. Nilikuwa nimempa binti wa watu utaratibu wa kumuuliza mkubwa, kisha nikamgeuzia mgongo huku nikimlaumu. Kila nilipodhani najificha, palikuwa na mtu nyuma yangu akiniuliza jambo la maana kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na akiniachia nafasi ya kujibu.

"Neema, mwanangu, nisamehe."

"Yamepita, mzee."

"Hayajapita. Keti hapa, nikuone midomo. Uliza."

"Ya leo?"

"Anza na ya kwanza. Ile siku ya kwanza tulishuka kutoka wapi?"

Alikumbuka. Alizikumbuka zote, moja baada ya nyingine, chanzo kwa chanzo, na kila moja aliniuliza kwa maneno yaleyale ya Mzee Mmbaga, nami nikamjibu kweli kadiri nilivyoweza. Nyingi jibu lilikuwa moja. Ingekuwa asubuhi tena, ningeanza kwa kukwambia kwamba sisikii. Lakini nyingine zilikuwa na majibu yake, ya koki na viungo na watu, na aliyasikiliza kama alivyosikiliza bomba. Kisha naye akaniambia yale aliyokuwa akijijibu. Mengine yalikuwa bora kuliko yangu.

Tuliteremka Same kwa miguu, akinishika mkono penye mawe. Gari la mwisho lilikuwa limetupita tukiwa pale kwenye jiwe, nyuma ya mgongo wangu. Baadaye sana, siku mliponiaga, Neema aliniambia kwamba lilisimama likatupigia honi, na kwamba alilisikia.